Foleni Iliyopangwa na Mashine

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni haya kulisema mapema. Niliwahi kuvunja kioo cha kompyuta kwa ngumi kwa sababu ya nukta moja niliyoisahau kwenye programu, kisha nikakaa sakafuni najitoa vipande vya kioo mkononi huku bado naitukana mashine. Nyumbani Igamba wanasema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Siku hizi nimepoa kidogo, umri nao una dawa yake. Lakini haya ninayoyasimulia niliyafanya nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu, kwa mkono huu wa kulia, na hakuna aliyenituma.

Ilikuwa Tunduma, kabla Songwe haijawa mkoa, sote tukiwa bado watu wa Mbeya. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha kompyuta, na aliyenilipia chuo ni kaka yangu. Alikuwa utingo, akawa dereva wa lori, akapeleka mizigo Lusaka na Lubumbashi mpaka siku gari lilipomgeukia mlima Kitonga likamvunja nyonga. Alipopona alikuwa anachechemea, na mwenye yadi moja ya malori pale Tunduma akampa kazi ya kupanga foleni. Huyo mwenye yadi alikuwa Alhaji mmoja mtu wa Tanga, mpole wa sauti, mkali wa macho.

Asiyeijua Tunduma hawezi kuelewa foleni ni kitu gani. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yalilala pale siku nne, siku tano, wakati mwingine wiki nzima, yakisubiri kuvuka. Kila asubuhi yadi iliita kundi la magari yaende getini, na aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kuitwa. Kwa dereva, kula foleni ya mwenzake ni dhambi kubwa kuliko kulala na mke wake. Adhabu yake haikuandikwa mahali popote lakini kila mmoja aliijua: mla foleni anatolewa upepo magurudumu yote, vioo vya pembeni vinavunjwa, na akifungua mdomo anavunjwa na meno. Polisi hawakuitwa. Hata aliyepigwa hakuwaita.

Kaka aliipanga foleni hiyo kwa daftari, nyuma ya dirisha lenye nondo. Lori likifika kilima cha Mpemba utingo alikuwa tayari ananing'inia mlangoni, na likikaribia yadi anaruka linatembea, anakimbia na karatasi ya gari mkononi kuwahi dirisha. Nimeona watu wakikanyagana pale. Nimeona kaka akivutwa mkono kupitia kwenye nondo mpaka kidole kikateguka, kwa sababu kaandika namba ya mtu mmoja kabla ya mwingine. Yeye alikifunga kitambaa akaendelea kuandika kwa mkono wa kushoto.

Halafu siku moja malori mawili yalishuka Mpemba yakifukuzana, la nyuma likalipita la mbele langoni mwa yadi, na utingo aliyekuwa amesharuka akabanwa katikati ya trela na nguzo. Nilikuwa nimempelekea kaka chakula. Nilisikia mlio wa yule mtu na sitausema hapa. Dereva wake alishuka, akamwendea yule dereva mwingine na nyundo, na ilichukua watu sita kumng'oa juu yake. Kaka alikuwa ametoka nje, amepiga magoti kando ya yule utingo, anamwambia usilale, usilale, mpaka mtu akamwambia aache, ameshakufa.

Wiki ile Alhaji aliniita. "Kijana, wewe si umesomea kompyuta? Nitafutie namna watu wasikimbilie dirisha langu. Sitaki damu nyingine hapa."

Nilikuwa na jibu hata kabla hajamaliza. Dereva akifika Mpemba, mlinzi wetu anampa kikaratasi chenye namba ya siri, ili mtu asitume akiwa bado njiani. Dereva anatuma ujumbe wa simu: namba ya gari na ile namba ya siri, basi. Ujumbe unaingia kwenye modemu iliyochomekwa kwenye kompyuta ya yadi, programu inausoma, inaangalia umetumwa saa ngapi, inapanga foleni. Karatasi inatoka, kaka anaibandika ukutani. Hakuna kukimbia, hakuna dirisha, hakuna mkono wa mtu.

Kusoma ujumbe kutoka kwenye modemu si kazi ya kuanza mwenyewe. Modemu ina lugha yake na vituko vyake. Lakini duniani kuna watu waliokwishahangaika nayo, wakaandika msimbo, yaani zile amri zenyewe za kompyuta, wakauacha wazi mtandaoni, atakaye auchukue bure, ausome, aubadilishe. Furushi la namna hiyo tunaliita maktaba. Msimbo wenyewe wenzangu wa Dar wanauita kodi, lakini Tunduma ukitamka kodi watu wanafunga maduka.

Nilipata maktaba tatu. Ya kwanza mwenyewe alikuwa ameitelekeza miaka, maswali ya watu yamejaa kama barua kwenye nyumba ya marehemu, nikaiacha. Ya pili ilisifiwa sana, ila nilipoijaribu na modemu yangu ilimeza ujumbe wa tatu na wa saba bila kusema kitu. Niliitukana nikaifuta. Ya tatu iliandikwa na mtu mmoja, sijui ni wa nchi gani, na ilikuwa safi. Kila sehemu ilikuwa na majaribio yake, leseni ilituruhusu, na mwenyewe alikuwa ameigusa wiki iliyopita tu. Niliisoma siku nne mstari kwa mstari, mtandao ukikatika nasubiri, umeme ukikatika natukana.

Mwisho nilisoma orodha ya malalamiko ambayo yalikuwa hayajatatuliwa. Hii ndiyo tabia ya mtu anayejua kazi: sifa hazikuambii kitu, soma waliokwama. Nilikuwa na daftari, na mbele ya kila lalamiko niliandika "linatuhusu" au "halituhusu". Moja lilitoka kwa mtu wa bara jingine kabisa, anayeishi mpakani mwa nchi mbili, akisema kwa Kiingereza kibovu kama changu kwamba saa za ujumbe zinamjia vibaya, si zote, baadhi tu. Hakuna aliyemjibu. Niliandika "halituhusu" nikaendelea.

Yaliyonitoa jasho yalikuwa mengine. Madereva wetu wana adabu mno. Badala ya namba mbili, mtu alituma: "Shikamoo kaka, nimefika Mpemba salama namshukuru Mungu, gari ni," halafu ndiyo namba. Wengine waliandika herufi O mahali pa sifuri. Wengine ujumbe ulikuwa mrefu ukafika vipande viwili, mkia mbele kichwa nyuma. Wengine walituma mara tano kwa wasiwasi. Yote hayo niliyamaliza moja moja, na kila nililolimaliza lilinipandisha kichwa. Nilijaribu kwa laini tatu za simu, yangu, ya kaka na ya Alhaji, na foleni ikatoka sawasawa kila mara.

Jambo moja zaidi nililifanya kwa ujanja. Karatasi ya ukutani sikuiwekea saa, niliweka mpangilio tu, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilijua nikiweka saa watabishana dakika.

Siku ya kuanza, Alhaji alikusanya madereva yadini nikawahutubia nimesimama juu ya tairi. Niliwaambia mashine haina ndugu, haina kabila, haijui Mzambia wala Mtanzania. "Mashine haidanganyi," nikasema. "Anayedanganya ni mtu." Kaka alikuwa amesimama chini yangu ameegemea fimbo yake, anatabasamu kama aliyezaa.

Karibu mwezi mzima yadi ilitulia mpaka ikanitisha. Malori yalishuka Mpemba taratibu kama yamebeba mayai. Kaka akapata muda wa kunywa chai.

Kisha yakaanza maneno. Kwamba Wazambia wanatangulia. Mtu anakuja Mpemba, amemwacha Mzambia nyuma anabadilisha tairi Mlowo, amemwona kwa macho yake, lakini asubuhi kwenye karatasi Mzambia yuko mbele yake kwa magari kumi. Mara ya kwanza nilimcheka aliyeniletea habari hiyo. Mara ya pili nilimfukuza ofisini. Mara ya tatu nilimkunja shati nikamwuliza kama anajua kusoma msimbo, na kama hajui anyamaze.

Asubuhi moja, karatasi ikiwa imebandikwa kama dakika kumi hivi, nilisikia upepo ukitoka. Sauti hiyo ukishaijua hutaisahau. Walikuwa wanamtolea upepo Mzambia mmoja aliyetokea wa pili kwenye orodha, mtu mtulivu, hata kunywa hanywi. Matairi yote, la mbele mpaka la mwisho la trela. Naye akashuka, mikono wazi, anauliza kwa Kibemba, "Mulandu nshi, mwebantu? Mulandu nshi?" Kwa nini, jamani, kwa nini. Wa kwanza alimpiga kofi. Wa pili alikuja na spana ya magurudumu akampiga nayo begani, na mfupa wa mtulinga ukalia kama kuni kavu. Alipoanguka wakamwingia kwa viatu. Wazambia wenzake walikuja mbio na minyororo ya kufungia mzigo, na hapo yadi yote ikawaka. Mtu alipigwa mnyororo usoni karibu nami, jino lake likanigonga shavuni. Nilipiga na mimi. Sijui nilimpiga nani, nilikuwa napiga yeyote aliyenigeuzia uso, na nitasema ukweli, nilisikia raha.

Kaka ndiye aliyeingia katikati. Aliingia na fimbo yake, anachechemea, akamlalia yule Mzambia aliyekuwa chini, akamfunika kwa mwili wake. Walimpiga mateke mawili matatu kabla hawajatambua ni nani. Wakapunguza, kwa sababu walimheshimu.

"Sisi tunataka kujua nani anauza foleni!" mmoja alipiga kelele.

Kaka alijiinua kwa fimbo, mdomo unatoka damu. Alinitazama mimi kwanza. Kisha akawageukia. "Foleni naipanga mimi," akasema. "Kama kuna kosa, ni langu. Mashine msiiguse na kijana msimguse."

Jiwe la kwanza lilimpata kifuani. Alhaji na walinzi walimvuta ndani tukafunga mlango wa bati, na mawe yakawa yananyesha juu ya bati kama mvua ya Machi.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilifungua kila kitu. Nilipitia ujumbe mmoja mmoja, saa moja moja kama programu ilivyozisoma, na mpangilio ulikuwa sahihi kabisa. Mzambia alionekana ametuma saa tatu kasoro robo, Watanzania aliowapita saa tatu na robo. Hapakuwa na kosa. Nilijua kila mstari wa msimbo ule, niliusoma siku nne, niliujaribu kwa laini tatu. Basi kama programu haina kosa na foleni imeuzwa, aliyeiuza ni mtu. Na waliokuwa na mkono kwenye karatasi ile ni wawili, mimi na kaka. Na kaka ameshakiri mbele ya watu wote. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Nilimkuta amekaa kwenye boksi, Alhaji anamwekea maji kwenye kitambaa.

"Kaka, unabadilisha karatasi?"

Akapangusa damu mdomoni.

"Unaniharibia jina langu kwa hela za Wazambia? Nakuuliza!"

Akainua macho. Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. "Mdogo wangu," akasema, "tuyaache. Tutaongea jioni nyumbani."

Nilimpiga kofi. Sikumpiga kama mtu anavyompiga mtu mzima mwenzake, nilimpiga kwa nguvu zangu zote, kiganja kikiwa wazi, na kilitua chote kwenye sikio la kushoto. Alianguka kutoka kwenye boksi na nyonga yake mbovu ikawa chini. Nilimfuata nikampiga teke. Kwetu mdogo hampigi mkubwa hata mkubwa awe mwendawazimu, na huyu alikuwa amenisomesha kwa mguu wake. Alhaji alinishika kiuno akinisomea dua masikioni. Kaka alikaa pale chini ameweka mkono sikioni, na damu ikapita katikati ya vidole ikashuka kwenye kola. Hakulia. Nilimwambia asinitazame.

Siku hiyohiyo Alhaji alimwachisha kazi. Zahanati walisema ngoma ya sikio imepasuka. Jioni alipanda gari la Mlowo kwenda kwake Igamba, na mimi sikumsindikiza.

Nilibaki na dirisha peke yangu. Karatasi nilikuwa naitoa mimi, naibandika mimi, na nikiibandika nasimama mbele yake na rungu la mlinzi nione nani atalalamika. Siku ya tatu dereva mmoja mnene wa Morogoro alikuja anacheka mpaka tumbo linatikisika.

"Oya mkuu, dawa nimeijua! Jana nimetuma kwa laini yangu ya Zambia. Nimekuwa wa nne! Kaka yako alikuwa anawapa wenye laini ya kule, siyo?"

Nilimwambia kaka yangu hayupo tangu juzi.

"Basi unawapa wewe," akasema, bado anacheka.

Nilitaka kumpiga na rungu. Nililiinua kabisa. Lakini mkono ulibaki juu, kwa sababu alikuwa anasema kweli: kaka hayupo, karatasi haijaguswa, na laini ya Zambia imeruka juu ya watu kumi.

Niliingia ndani nikaufungua ujumbe wake ule kama ulivyofika kwenye modemu, kabla maktaba haijausoma. Ukiutazama hivyo ni mlolongo wa tarakimu tupu. Saa ya kutumwa iko mlemle ndani: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, tarakimu mbilimbili, kila mbili zimegeuzwa nyuma mbele. Na baada ya hizo kuna mbili nyingine. Kwenye ujumbe wa laini za kwetu zilikuwa 21. Kwenye ule wa laini ya Zambia zilikuwa 80. Nikazigeuza: kumi na mbili, na sifuri nane. Ni hesabu ya robo saa mbele ya saa ya Greenwich: robo kumi na mbili, robo nane. Masaa matatu, na masaa mawili. Ni mtandao unajisema saa yake ni ya wapi.

Zambia wako nyuma yetu saa moja. Mtoto wa Tunduma anajua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Sokoni tunasema saa nne ya kwetu, saa tatu ya kwao, na hatusimami kufikiri. Simu ikishika mnara wa ng'ambo tunaongeza saa moja kichwani kama mtu anavyofuta jasho. Nilikuwa nimeifanya hesabu hiyo maisha yangu yote bila kujua kuwa naifanya, na ndiyo maana sikuiandika. Mgeni wa Dar angeuliza. Mimi mwenyeji sikuuliza.

Maktaba yangu safi ilisoma zile jozi sita, ikaitupa ya saba. Mzambia akituma saa tatu na nusu ya kwetu, ilimwandika saa mbili na nusu, akawapita wote. Na laini zangu tatu za majaribio zote zilikuwa za Tanzania. Nikalikumbuka lile lalamiko la mtu wa mpakani. Nilitoa daftari nikaukuta mwandiko wangu: halituhusu. Nililipiga daftari ukutani, kisha nikaupiga ukuta wenyewe kwa ngumi, mara tatu, mpaka kifundo cha kidole cha kati kikapasuka. Mpaka leo hakikunji vizuri.

Marekebisho yalikuwa mistari minne. Niliyaandika kwa mkono wa kushoto, nikayatuma na kwa mwenye maktaba. Alijibu siku hiyohiyo, asante, kazi nzuri, na kisura kidogo kinachocheka. Nilitamani awe karibu nimshike shingo.

Alhaji nilimweleza nikiwa nimepiga magoti. Alinisikiliza, akasema, "Kamrudishe," basi. Alfajiri nilipanda gari la Mlowo, nikachukua pikipiki mpaka Igamba.

Shemeji yangu ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa anatwanga. Alinyanyua mchi, akaja nao, na sikukimbia. Ulinipata begani nikapiga goti moja. "Umekuja kumaliza na sikio la pili?" akapiga kelele. "Shenzi! Mtu umesomeshwa kwa jasho lake!" Alinyanyua tena, na kaka akaita kutoka nyuma ya nyumba, amwache.

Nilimkuta kwenye mashine ya kumenya kahawa, anazungusha mpini, maganda mekundu yanamwagika miguuni. Pamba ilikuwa imejaa sikioni. Alipouona mkono wangu uliofungwa aliacha kuzungusha.

Nilisimama mbele yake nikamweleza yote. Laini za kwao, saa ya kwao, jozi ya saba, yule mtu wa mpakani. Nilimwambia kosa halikuwa lake, lilikuwa kwenye programu. Alinitazama midomo mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe hukula kitu?" akaniuliza.

"Kula nini?"

"Cha Wazambia."

"Kaka!"

"Mimi nilijua umekula." Aliongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea watu wasiosikia vizuri. "Karatasi ilikuwa inatoka kwako, mimi kazi yangu kubandika tu. Uliniambia mwenyewe mashine haidanganyi, anayedanganya ni mtu. Nikahesabu. Tuko wawili, na mimi sijala. Nikasema basi, mdogo wangu kaharibikiwa. Wale wakijua ni wewe watakuua palepale. Mimi wananijua, watanipiga tu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Si nilikwambia jioni? Nilitaka nikuulize jioni, tukiwa wawili." Alichukua punje moja ya kahawa iliyonasa kwenye meno ya mashine, akaitupa kwenye ndoo. "Halafu ukanipiga. Mwizi akibanwa ndiye anayepiga kwanza. Nilikuwa bado na wasiwasi kidogo, labda nakuonea. Uliponipiga nikapata hakika."

Akanigeuzia ubavu, akashika mpini, akaendelea kumenya kahawa yake.

Nilikaa chini kwenye maganda, karibu naye, nikamwomba msamaha. Sikuwahi kumwomba mtu msamaha kwa namna ile na sijawahi tena. Nilisema ya kofi, nikasema ya teke, nikasema ya kutomsindikiza kwenye gari la Mlowo, nikarudi nyuma mpaka ada ya chuo na mguu wake. Nilikuwa nalia. Nilipomaliza hakuwa amegeuka, mkono wake ulikuwa unazunguka vilevile.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, bado ana mchi.

"Huko hasikii," akasema. "Hilo ndilo sikio ulilolipiga."

Nikainuka, nikazunguka mashine, nikakaa upande wa pili, nikaanza upya.